Daftari Lisilosahihishwa

Chukua insha ishirini za mtihani wa majaribio, za wanafunzi wasiojuana, uzisome mfululizo. Katika zaidi ya nusu yazo jogoo amewika. Ndege wametumbuiza kwa sauti nyororo, jua limechomoza kwa madaha, na msimulizi ameamka akiwa mchangamfu kama chiriku. Ukurasa wa pili majambazi wamevamia au basi limebingirika. Ukurasa wa tatu, kumbe ilikuwa ndoto. Nimesahihisha kazi za aina hii kwa miaka mingi, kwa hivyo nisikufiche: jogoo wa kwanza mtahini humsoma, wa saba humpitia juu juu tu.

Sikulaumu. Ulipewa jogoo huyo ungali shule ya msingi, ukaambiwa umkariri kwa sababu huwapendeza watahini. Lakini mimi ninafundisha Dandora, na ninajua kinachowaamsha wanafunzi wangu. Ni utingo anayepiga ubavu wa matatu akiita abiria wa mjini. Ni mitungi inayogongana foleni ya maji. Ni kikohozi cha jirani kinachopenya ukutani, na moshi wa jaa ambao haujui usiku wala mchana. Kisha kijana huyo huyo anaketi darasani na kuniandikia kuhusu mwembe ulio nje ya dirisha lake. Mwembe gani? Dandora ilianza miaka ya 1970 kama mradi wa viwanja vidogo vidogo vilivyogawiwa watu wajijengee vyumba, na baadaye vyumba vikapandishwa ghorofa. Ukiuona mwembe huo, niitie nami niuone.

Maoni yangu ni haya: mtahiniwa anayeandika shajara yake binafsi, dakika kumi na tano kila usiku, hufaidika kuliko anayekariri insha hamsini za kuigwa. Wenzangu kadhaa hawakubaliani nami. Wanasema kidato cha nne si wakati wa kuchezea daftari. Wakati umebana, silabasi haijaisha na kuna tamthilia ya kurudiwa. Nawaelewa. Lakini Karatasi ya Kwanza inakupa saa 1 na dakika 45 kuandika insha mbili za alama 20 kila moja, na muda mwingi hupotelea pale pale mwanzoni, mwanafunzi akitafuna kalamu na kujiuliza aandike nini. Mwenye shajara hajiulizi. Ana ghala.

Usichanganye shajara ninayoisema na ile inayotahiniwa. Ukiulizwa uandike shajara katika swali la kwanza la lazima, fuata sura yake: kichwa, siku, tarehe, saa, maelezo mafupi ya matukio kwa mtiririko wake. Hiyo ni kazi ya mtihani na ina alama zake. Hii nyingine haina sura wala alama. Unaweza kuandika mistari mitatu ukalala.

Na sasa nikueleze kosa langu, maana ndilo lililonifundisha haya ninayoyasema. Miaka kadhaa iliyopita niliwaagiza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waandike shajara kwa wiki mbili. Kisha, kama kawaida ya mwalimu, nikazikusanya. Msichana mmoja aliyekaa nyuma, mkimya, alikuwa ameandika kuhusu mama yake, aliyeokota plastiki jaani na kuziuza kwa kilo. Aliandika jinsi mama alivyokuwa na glovu mbili zisizofanana, moja ya bluu na moja ya manjano, na kila Jumapili asubuhi alizificha chini ya kitanda kabla ya kwenda kanisani, ingawa hakuna mgeni aliyetarajiwa nyumbani. Ndivyo ilivyoishia. Hakuwa ametumia methali hata moja.

Nilichukua kalamu nyekundu. Nikasahihisha hijai, nikazungushia maneno ya Sheng duara, nikahesabu makosa kumi na manne na chini kabisa nikaandika: "Epuka Sheng. Tumia methali." Wiki iliyofuata daftari lake lilikuwa na jogoo, ndege na jua la madaha. Hakumwandika mama yake tena, angalau si mahali ambapo mimi ningesoma. Nimesahau alama nilizompa. Zile glovu sijazisahau.

Tangu hapo sikusanyi shajara za mtu. Ninauliza tu, "Umeandika jana?" Akisema ndiyo, inatosha.

Swali la Sheng hunigombanisha na walimu wenzangu hadi leo. Mimi nasema hivi: katika shajara, andika lugha inayokuja. Usisimame kutafuta neno sanifu huku jambo lenyewe linakuponyoka. Kalamashaka walitoka papa hapa Dandora mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuimba maisha ya mtaa kwa lugha ya mtaa, na nchi nzima ikawasikiliza. Lakini wewe una kazi ya pili, ambayo wao hawakutakiwa kuifanya mbele ya mtahini: kuyageuza yale uliyoyaandika yawe Kiswahili sanifu. Kazi hiyo ndiyo zoezi lenyewe. Tuseme usiku mmoja umeandika hivi:

"Leo moshi imeingia mpaka kwa kabati. Uniform inanuka. Nimekaa nyuma ya class, sijainua mkono."

Mistari hiyo ina makosa ya upatanisho wa kisarufi na maneno ya Kiingereza, na ina hadithi nzima. Jumamosi, ukiwa na nafasi, irudie:

"Sare yangu ilinuka moshi hata kabla sijaivaa. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Mwalimu alipouliza swali nililolijua, niliubana mkono wangu ubavuni, kwa maana kuinua mkono kungeinua na ile harufu."

Tazama kilichotokea. Sikuongeza tamathali hata moja ya kukariri. Niliuliza swali moja tu: kwa nini hakuinua mkono? Shajara ilikupa tukio, ubunifu ukatafuta sababu. Sasa tuseme mtihani umekupa mdokezo usemao insha yako imalizike kwa maneno kama "hapo ndipo nilipojua kuwa sikuwa peke yangu." Mwenye jogoo ataanza kutafuta majambazi. Wewe una mwanafunzi wa kiti cha nyuma. Kinachobaki ni kumtafutia mwenzake anayenuka moshi pia.

Kubuni si kunakili. Kama lililotokea lilimhusu jirani, badilisha jina, badilisha kazi, mhamishe mtaa, na ikibidi mfanye mwanamume awe mwanamke. Huna ruhusa ya kumwanika mama wa rafiki yako mbele ya msomaji kwa sababu tu alilia ukisikia. Kilio unaweza kukichukua. Mwenyewe mwache na heshima yake. Tena si kila kilicho katika shajara kinafaa kuingia katika insha. Mengine ni yako ya kulilia tu, yaache huko.

Ukiwa unasoma mwongozo huu, bila shaka una tamthilia mkononi, kwa hivyo shajara itumie huko pia. Chukua Neema wa Bembea ya Maisha, aliyevutwa huku na mama mgonjwa na huku na nyumba yake na Bunju. Funga kitabu, uandike shajara ya Neema ya usiku mmoja. Hakuna swali la Karatasi ya Tatu linalokudai hivyo, lakini baada ya kuandika nusu ukurasa ukiwa Neema, swali la sifa na umuhimu wake halitakutisha. Utakuwa umeshaishi naye. Wanafunzi wangu wengi humhukumu Yona kwa sentensi moja, "ni mlevi," wakakwama hapo. Waliojaribu kuandika shajara yake walishangaa wenyewe kwa mambo waliyoyapata ya kusema. Si kumtetea, ni kumwelewa.

Najua utakaloniambia sasa: mwalimu, nitaandikia wapi? Chumba ni kimoja, tuko sita, na dada yangu husoma kila kitu. Hilo ni jambo zito, wala sina jibu zuri. Mwanafunzi mmoja huandika kwa herufi za kwanza za majina. Mwingine huandika nyuma ya daftari la Hisabati kwa kuwa, asema, hakuna atakayelifungua kwa hiari. Mwingine huandika shuleni saa ya chakula na kuliacha daftari kwenye dawati lenye kufuli. Sina haki ya kukuambia utafute faragha kana kwamba inauzwa dukani. Lakini kumbuka kwamba Abdilatif Abdalla aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa mfungwa, kati ya 1969 na 1972, kwenye karatasi za chooni, akizificha askari wasizione. Diwani ilichapishwa 1973 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya ya Kigikuyu kwenye karatasi za aina iyo hiyo. Sikulinganishi na wafungwa. Nasema tu kwamba daftari la shilingi chache lililofichwa katikati ya hesabu za logi si mahali pabaya pa kuanzia.

Anza na leo. Usianze na "Mimi naitwa" wala na historia ya maisha yako tangu kuzaliwa. Andika kitu kimoja ulichokiona, kimoja ulichokisikia na kimoja ambacho ulitaka kukisema ukanyamaza. Hicho cha tatu ndicho chenye utajiri, na ndicho utakachotaka kukiruka. Ukikosa usiku mmoja, usilipe deni la jana. Endelea na leo. Ukikosa wiki, vivyo hivyo.

Na mwalimu wako akilinyoshea mkono daftari hilo, mwambie kwa heshima zote, "Samahani mwalimu, hili si la kusahihishwa." Hata kama mwalimu huyo ni mimi.