Tumbo Linalosumbua na Wasiwasi wa Udhu



Wapo miongoni mwetu wanaoishi na maradhi sugu ya utumbo. Wengine utumbo mpana huvimba na kutoa damu. Wengine tumbo hujaa gesi na kuharisha mara kwa mara, ilhali vipimo havionyeshi kidonda. Watu hawa hubeba mzigo wa pili usioonekana, nao ni hofu: hofu ya safari, hofu ya karamu na, kwa Muislamu, hofu ya udhu.

Madaktari wanatueleza kuwa ubongo na utumbo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu. Moyo ukijaa wasiwasi, utumbo huchafuka. Utumbo ukichafuka, wasiwasi huzidi. Hii si kusema kwamba mgonjwa amejitakia, wala kwamba maradhi yake ni ya kufikirika. Maana yake ni kuwa kumtuliza ni sehemu ya kumtibu.

Katika hili sheria yetu imejaa wepesi. Kwanza, yakini haiondolewi na shaka. Aliyetawadha kisha akahisi kitu tumboni, naye hana hakika kwamba kimetoka, udhu wake ungalipo; Mtume (S.A.W.) alielekeza kuwa mtu asiikate swala mpaka asikie sauti au apate harufu. Kurudia udhu mara tatu, mara nne, kwa shaka tu, si uchamungu. Ni kuulisha wasiwasi. Pili, ambaye hadathi yake haikatiki, hata asipate katika wakati wa swala nafasi ya kujitwaharisha na kuswali, wanazuoni wa Kishafii wanamwelekeza angoje wakati uingie, ajisafishe, atawadhe na aswali papo hapo. Kinachomtoka baadaye bila hiari hakimdhuru. Kwa faradhi nyingine atatawadha upya. Tatu, maradhi ni udhuru wa kukosa jamaa, na kuswali huku mtu amebanwa na haja ni makuruhu. Basi anayetoka katika safu asikodolewe macho.

Wajibu uliobaki ni wetu. Nyumbani, mgonjwa asishurutishwe kula kinachomdhuru ati kwa kuwa wageni wapo, wala mume asimwambie mkewe, "Una mawazo tu." Sisi wa kamati za misikiti tuhakikishe vyoo havifungwi kufuli mara baada ya swala, maji yapo, na pembeni karibu na mlango anaachiwa nafasi anayeihitaji.

Mgonjwa naye ale kidogo kidogo kwa nyakati zake, aandike vyakula vinavyomchokoza, alale vya kutosha, atembee, na adumu na adhkari za asubuhi na jioni. Asiache dawa bila kauli ya daktari. Akiona damu chooni, akikonda au akipata homa, aende hospitali bila kuchelewa. Dua na dawa havigombani.

Twamuomba Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie sisi tuwe faraja kwao. Amin.