Mtunzi Aitwe Mapema

Katika filamu nyingi tunazotengeneza Afrika Mashariki, mtunzi wa muziki hupigiwa simu mwisho. Picha zimeshapigwa na kuhaririwa, fedha zimekwisha, na tarehe ya kuonyesha imeshatangazwa. Anakabidhiwa faili, siku chache na maagizo mafupi: hapa weka huzuni, pale weka kitisho. Akichelewa, mhariri wa picha huingia mtandaoni na kuchukua chochote kinachofanana na huzuni. Baadaye, tukikaa ukumbini, tunalalamika kwamba kazi zetu zote zinasikika namna moja.

Toleo hili linatetea hoja moja. Muziki ni sehemu ya usimulizi, kwa hiyo anayeutunga na anayeusimamia wawepo tangu mswada unapoandikwa, na fungu lao liwepo kwenye bajeti tangu ukurasa wa kwanza. Hatuombi hisani kwa wanamuziki. Tunadai hadithi zetu zisimuliwe kikamilifu.

Tuanze na kazi yenyewe. Mtunzi na mwongozaji hukaa pamoja, wakaitazama filamu na kuamua muziki uingie wapi na ukome wapi. Chukua tukio la mama anayesoma barua ya msiba. Kinanda kikilia pamoja naye, mtazamaji anaambiwa jambo lile lile mara mbili. Kikitangulia kabla hajaifungua bahasha, tumemnyang'anya mtazamaji nafasi ya kugundua. Kikisubiri mpaka mama amefuta machozi, ameikunja barua na kuinuka kwenda kuwafungulia watoto mlango, basi muziki unabeba uamuzi wake wa kuendelea kuishi. Picha hazikubadilika hata kidogo, lakini hizo ni hadithi tatu. Anayechagua moja kati yake anafanya kazi ya mwandishi.

Kazi hiyo ina hesabu zake pia. Filamu ya sinema huenda fremu 24 kwa sekunde. Muziki wenye mapigo 120 kwa dakika huangukia pigo moja kila fremu 12. Mhariri akiondoa fremu 12 tu baada ya mtunzi kumaliza, kila kinachofuata kimesogea kwa pigo zima: mlango unafungwa kabla ya ngoma, kofi linatua baada yake. Ndiyo maana chumba cha uhariri na studio ya muziki havipaswi kufanya kazi bila kusikilizana. Sehemu kubwa ya ule muziki tunaouona umebandikwa juu ya picha huzaliwa katika mwanya huu, wala si katika uhaba wa vipaji.

Ushirikiano wa kweli unaonekana katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960. Mwongozaji Alfred Hitchcock alikusudia mauaji ya bafuni yabaki bila muziki. Mtunzi Bernard Herrmann, ambaye walishafanya kazi pamoja kwa miaka, alitunga hata hivyo kwa ala za nyuzi peke yake, akamsikilizisha, na Hitchcock akabadili msimamo. Miaka mitatu baadaye, katika The Birds, wawili hao walikwenda upande wa pili kabisa: filamu haina muziki wa kutungwa, ina sauti za ndege zilizoundwa kwa mitambo, na Herrmann alikuwa mshauri wa sauti hizo. Mtunzi mwenye kiti mezani husaidia hata kuamua ukimya. Aliyeitwa mwisho hathubutu, kwa sababu ameitwa kujaza.

Mwongozaji Sergio Leone alikwenda mbali zaidi. Kwa Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968, mtunzi Ennio Morricone alitunga na kurekodi mada kuu kabla kamera haijawashwa, na muziki huo ukapigwa eneo la upigaji picha ili waigizaji na kamera waende kwa mwendo wake. Kwetu jambo hili lisionekane geni. Katika filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, taarabu imo ndani ya maisha ya wahusika wa Zanzibar ya miaka ya 1950, na mhusika Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, ambaye mwenyewe ni mwanamuziki. Hadithi ya namna hiyo haiwezi kungojea muziki mwishoni. Mwimbaji akisimama mbele ya kamera, wimbo lazima uwe umeshachaguliwa.

Muziki humwambia mtazamaji pia anatazama kwa macho ya nani. Filamu mbili zilizopigwa Kenya zinatosha kuonyesha. Out of Africa ya mwaka 1985 ilimpa mtunzi John Barry tuzo ya Oscar. Mwongozaji Sydney Pollack alikuwa amefikiria kutumia muziki wa Kiafrika. Barry akamshawishi kwamba hii ni hadithi ya wapenzi wawili, na okestra ikapaa na ndege juu ya nyika. Kwa hadithi ile alikuwa na hoja. Lakini tuseme wazi kilichotokea: nchi ile ikasikika kama kumbukumbu ya mgeni. Miaka 20 baadaye, katika The Constant Gardener, Alberto Iglesias alitunga muziki, na pamoja nao ukawekwa wimbo Kothbiro wa Ayub Ogada, mpiga nyatiti Mkenya, uliokuwa kwenye albamu yake ya mwaka 1993. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huzicharaza kwa vidole vya mikono, na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu hugonga ala kutoa mdundo. Sauti moja na ala moja zinatosha kuipa filamu mkaazi wa mahali pale.

Kuchagua wimbo uliopo na kuupatia ruhusa ndiyo kazi ya msimamizi wa muziki, na hapa ndipo tunapoumia zaidi. Wimbo mmoja hubeba angalau haki mbili: ya utunzi, na ya rekodi yenyewe. Mwongozaji anayetaka wimbo wa dansi wa miaka ya 1960 atakuta mambo mazito. Kwa mfano, NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na Redio Tanzania ilirekodi bendi nyingi za wakati huo. Mtunzi akiwa ameshafariki, atie saini nani: warithi, chama au redio? Swali hilo lijibiwe kabla ya kupiga picha. Wahusika wakishacheza wimbo huo baani mbele ya kamera, kisha ruhusa ikakataliwa, hakuna mhariri wa kuliokoa tukio.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kenya ina yake ya mwaka 2001. Pengo limebaki kwenye karatasi za kila siku, hasa orodha ya muziki uliotumika: jina la kila kipande, mtunzi wake, sekunde zake, na kama kilisikika chinichini au wahusika walikuwa wakikisikiliza. Bila orodha hiyo, tamthilia hurudiwa runingani mwaka hadi mwaka na mtunzi hana pa kudaia mirabaha. Kisa cha mwanamuziki Solomon Linda kinatosha kutuonya. Alirekodi wimbo wake Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939, akafa maskini mwaka 1962, na kesi iliyochochewa na matumizi ya wimbo huo katika The Lion King ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2006 tu.

Tunajua jibu tutakalopewa: bajeti ni ndogo. Bajeti ndogo ndiyo sababu kubwa ya kuanza mapema. Mtunzi aliyesoma mswada anaweza kupendekeza zeze moja na sauti moja, akaandaa kazi inayolingana na mfuko. Aliyeitwa wiki ya mwisho hana muda wa kutafuta hata mpiga zeze, na hubaki na sauti zilizomo ndani ya kibodi, zile zile alizotumia kwenye filamu iliyopita.

Makala zinazofuata zinaingia studio, chumba cha uhariri na kwenye meza ya mikataba. Hazikubaliani katika kila jambo, na ni vizuri hivyo. Kwa upande wetu tunawaambia waandaaji, vituo vya runinga na wafadhili wa filamu: msipitishe mswada usio na jina la mtunzi, msipitishe bajeti isiyo na fungu la leseni, na msipokee kazi iliyokamilika bila orodha ya muziki wake. Haya yote mnaweza kuyadai kuanzia filamu ijayo, bila kungoja sheria mpya.