Shairi Lililofungiwa Pichani

"Shikamoo, Mwalimu. Shairi lako halisomeki." Aliyenipigia simu ni mwanafunzi wangu wa zamani, asiyeona. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono, nikalipiga picha na kuliweka mtandaoni, nikijivunia mwandiko. Programu inayomsomea kurasa kwa sauti ilitamka "picha", ikanyamaza.

Ndipo nilipoanza, kwa umri huu, kujifunza kujenga ukurasa. Nilizichapa beti zote kwa herufi, kila mshororo mahali pake. Akanipigia tena: sasa linasomeka, ila kwa matamshi ya Kiingereza, vina vyote vimevurugika. Kumbe kiolezo nilichoazima kilitangaza mwanzoni kuwa lugha ya ukurasa ni "en". Nikabadilisha, nikaandika lang="sw", naye akasikia Kiswahili. Herufi mbili tu!

Sisi hubishana miezi juu ya mizani 16 za mshororo, ilhali mizani ni ya sikio kabla ya jicho. Tumemfungiaje nje msomaji anayetegemea sikio? Enyi wenye kurasa za mashairi, zikagueni leo. Picha za tungo zenu zichapeni upya. Mimi mwenyewe ningali na tungo 40 za kuchapa, na macho yangu nayo yameanza kufifia.