Kazimoto Hapendeki, Mbona Anasomwa?

Aghalabu katika ufundishaji wa fasihi, mhusika mkuu huhukumiwa kama mshtakiwa. Mwanafunzi huorodhesha sifa zake, akamweka upande wa wema au wa uovu, kisha akatoa funzo. Utaratibu huu hukwama anapofikiwa Kazimoto, msimulizi wa *Kichwamaji* (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi.

Kazimoto ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anayerejea kwao Ukerewe likizoni. Huwadharau wanakijiji na huwatazama wanawake kama vyombo. Anapojua kwamba rafikiye Manase amemharibia maisha dadake Rukia, kisasi anachokiwaza ni kumtendea vivyo hivyo Sabina, dadake Manase. Ni nani angemkaribisha mtu huyu nyumbani kwake? Hata hivyo, kitabu hakiwekwi chini.

Yamkini itadaiwa kwamba msomaji hungoja mwovu aadhibiwe. Dai hili halitoshi. Mwishoni Kazimoto anajiua, lakini kifo hicho hakimridhishi msomaji. Humwacha na fadhaa. Wala si burudani. Watoto wa Mkongani, katika Kaunti ya Kwale, kama wenzao kote pwani, humshangilia Sungura wa ngano anapoiba na kudanganya, kwa sababu ni mdogo anayewashinda wakubwa. Kazimoto hashangiliwi, kwani yeye huwaonea walio chini yake.

Kinachomshika msomaji ni nafsi ya kwanza katika usimulizi. Dharau ya Kazimoto haielezwi kwa mbali. Msomaji huivaa kwanza, ndipo akaiona. Na achukuliwe kijana wa Mkongani huyohuyo aliyekwenda kusoma chuo kikuu Nairobi. Anarudi likizoni, babaye analalamikia mihogo iliyoliwa na ndovu wa Shimba Hills, mamaye anasuka makuti, nayo mazungumzo ya Kidigo barazani yanamchosha upesi. Akimsoma Kazimoto atamchukia. Baada ya kurasa chache atatambua kwamba sauti ile anaijua, na kwamba imewahi kusema ndani yake. Hapo haendelei kusoma kwa kumpenda Kazimoto, bali kwa hofu ya kujua sauti hiyo humfikisha wapi mwenye kuisikiliza.

Wapo wanaohofia kwamba mhusika mchafu huwaambukiza vijana. *Rosa Mistika* (1971), ya mwandishi huyohuyo, iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Lakini mhusika asiye na doa ndiye wa kuhofiwa zaidi, maana humruhusu msomaji kufunga kitabu akiwa ameridhika na nafsi yake.

Kwa hiyo, wanaofundisha na kutahini fasihi hawana budi kubadilisha swali. Badala ya kuuliza iwapo Kazimoto ni mwema au mwovu, na waulize: ni katika ukurasa upi msomaji alikubaliana naye kabla ya kushtuka? Jibu la swali hilo halipatikani katika mwongozo wowote.