Asali ya Tabora na Somo la Ushahidi

Mara nyingi, katika mazoezi ya kufundisha, tumemsikia mwanachuo akiwaambia watoto kwamba asali halisi hutambulikana kwa kutoneshwa majini ikazama bila kuyeyuka, au kwa kuchovya njiti ya kibiriti ambayo huwaka ingawa imelowa. Watoto hunakili, na kipindi huisha. Sisi twaona kwamba somo hilo ladhuru. Ladhuru zaidi mkoani Tabora, ambako mzinga wa gome ni riziki ya nyumba nyingi, na ambako jina la asali ya miyombo laweza kubandikwa juu ya chupa ya maji ya sukari.

Mwalimu na ajaribu mbele ya darasa. Achemshe sukari mpaka iwe nzito, aipoze, kisha aitoneshe katika bilauri ya maji. Nayo itazama vilevile. Kumbe jaribio lile lilipima uzito, si asili. Kibiriti nacho chaonyesha wingi wa maji tu.

Wanakemia huenda mbali zaidi. Miwa na mahindi hutwaa kaboni ya hewani kwa njia iliyo tofauti na ya miti ya msituni. Kwa hiyo sukari yake huwa na kaboni 13, iliyo nzito, kwa kiasi kilichozidi kidogo. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 maabara zimetumia tofauti hiyo kufichua asali iliyotiwa sukari ya miwa. Lakini kipimo hicho hakifichui sukari ya mpunga, wala hakitaji mahali. Ili kupajua mahali, chavua huchunguzwa kwa hadubini, madini hupimwa, kisha matokeo hulinganishwa na asali ambayo asili yake yajulikana kwa hakika.

Katika neno hilo, kulinganisha, ndimo lilimo somo letu. Mashine haijui Sikonge wala Urambo. Yajua sampuli ilizopewa tu. Asipokuwapo mtu wa kuchukua asali mzingani na kuandika siku, mahali, na miti iliyochanua, hakuna maabara iwezayo kuishuhudia asali ya Tabora.

Wako watakaosema kwamba shule zetu hazina vifaa. Hatua ya kwanza haihitaji kifaa. Wapagazi wa Kinyamwezi, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, walikwenda kwa miguu hadi Bagamoyo kwa kuijua njia na vituo vyake. Vivyo hivyo watoto na waijue misitu yao: waulize wazee majina ya miti, wakaushe maua, waandike kalenda ya kuchanua kwa mwaka mzima.

Na mtoto aulizapo, "Mwalimu, asali hii ni ya kwetu kweli?" mwalimu asione haya kujibu: "Kwa macho hatuwezi kujua. Tuanze kuandika tunayoyajua."