Hawakukosa, Walinyimwa

Jamani, tuache kuandika kwamba watu "wamekosa". Nimekaa kwenye vyumba vya habari miaka ya kutosha kujua neno hili linavyopendwa: wanakijiji wakosa maji, wajawazito wakosa dawa, wanafunzi wakosa madawati. Ni fupi, linaenea kwenye kichwa cha habari, na halimkasirishi mkubwa yeyote. Ubaya wake uko hapo hapo.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya uhaba. Tuna "hana", yaani mtu hayuko na kitu, basi. Tuna "bila" na "pasipo". Tuna "-si-" ya "asiye na kazi". Tuna hata mnyambuliko wa kutengua: kilichofungwa hufunguliwa, kilichobandikwa hubanduliwa, aliyevishwa cheo huvuliwa. Na tuna "kunyima".

Hebu jaribu kitu kimoja. Andika "wamenyimwa maji", na msomaji atauliza papo hapo: na nani? Sarufi yenyewe imemwekea mtendaji nafasi yake. Sasa andika "wamekosa maji" halafu uulize "na nani?" Swali halikai kabisa. Mtendaji ametoweka, ingawa diwani, mhandisi na mkandarasi wote wapo na simu zao zinaita.

Tena kuna dhuluma nyingine ndani yake. "Kukosa" ni pia kutenda kosa, na mkosaji ni mwenye hatia, si mwenye shida. Kwa hiyo aliyenyimwa haki yake anabaki na neno lile lile tunalomwitia mwenye hatia.

Wapo watakaosema eti "kukosa" halimhukumu mtu, na "kunyimwa" ni kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Kwa ukame nakubali, mvua haina diwani. Lakini fedha za kisima zilizotengwa kisha zikayeyuka zina aliyezishika. Kumficha huyo si kutopendelea upande. Ni kuchagua upande kimyakimya.

Waandishi wetu wa riwaya wanalijua hili. Ukimaliza *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi (1978), huwezi kusema Kijakazi "alikosa" maisha mazuri ukaishia hapo. Fuad yumo, ana jina, na jina lake liko juu ya jalada.

Sisi wa magazeti tunashindwa nini? Kama hujui nani amenyima, rudi ukaulize. Ndiyo kazi tunayolipwa kufanya.