Mkataba na Usomwe kwa Lugha ya Mfanyakazi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hiyo ilikusudiwa wafanyabiashara, lakini yawafaa pia wale ambao mali yao ni nguvu za mikono na maarifa ya kichwa. Mjini Garissa, kama ilivyo Wajir na Mandera, wapo walimu wa shule za binafsi, wapishi, walinzi, wapakizi wa malori na wachungaji wa mifugo ambao ajira yao haina ithibati ila neno la mwajiri. Hata wale wanaopewa karatasi, aghalabu huikuta imeandikwa kwa Kiingereza. Je, mtu aliyetia kidole gumba kwenye maandishi asiyoyafahamu amekubali nini hasa?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imelijibu swali hilo bila mafumbo. Kifungu cha 9 chaamuru kwamba mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Kifungu hicho hicho chaongeza kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, sharti aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 41 chalirudia agizo hilo wakati wa kuachana: kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au udhaifu wa mwili, mwajiri hana budi kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua mwenyewe.

Basi lugha hapa si pambo; ni sehemu ya haki yenyewe. Nami, ingawa ni mpenzi wa Kiswahili, nakiri kwamba kukifasiri Kiingereza kwa Kiswahili hakutoshi kila mahali. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini mchungaji aliyekulia nyikani huenda akakijua cha kununulia sukari tu. Huyo aelezwe kwa Kisomali, kwa Kiborana au kwa Kiorma. Wala asiseme mtu kwamba Kisomali hakiandikiki, kwani kina hati rasmi ya Kilatini tangu 1972 ilipoidhinishwa nchini Somalia.

Wako waajiri watakaojitetea kwamba wao na wafanyakazi wao ni jamaa, na kwamba karatasi huvunja imani. Hoja hii haina nguvu katika jimbo la Waislamu, ambao Kurani yao, katika aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara, yawaagiza kuandika madeni ya muda mbele ya mashahidi. Isitoshe, maandishi humkinga mwajiri pia. Sheria yayatambua hata mapatano ya mdomo. Lakini kesi ikifika mahakamani na mwajiri akakosa mkataba ulioandikwa, kifungu cha 10 chamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa.

Tuchukue mfano wa kijana aliyemaliza shule ya upili akaajiriwa kufundisha katika shule ya binafsi huku akingoja nafasi ya chuo. Huambiwa kuwa yeye ni kibarua tu. Hajui kwamba, kwa kifungu cha 37, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi 1 huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, anayestahili notisi ya siku 28. Hajui kwamba ana siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, wala kwamba kila baada ya miezi 12 ana likizo ya siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Dada yake hajui kwamba likizo ya uzazi ni miezi 3, na kwamba mimba si sababu halali ya kumwachisha kazi. Nao wote hawajui kwamba dai lisipofikishwa mahakamani ndani ya miaka 3 hupitwa na wakati. Ujinga huu una bei, na anayeilipa ni mnyonge.

Walimu wana wajibu mkubwa hapa. Kipindi kimoja cha ufahamu au tafsiri chaweza kutumiwa kuvisoma vifungu hivi darasani, na wanafunzi wakavieleza nyumbani kwa lugha za wazazi wao. Watu wa jimbo hili waliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Si ajabu kwamba wengi walizoea kuiona sheria kama amri ishukayo kutoka juu. Sheria ya ajira ni ya namna nyingine: yamruhusu mnyonge kuuliza, na yamlazimu mwenye nguvu kujibu kwa maneno yanayoeleweka. Mfanyakazi, kabla ya kutia sahihi, na aseme: nisomee kwa lugha yangu.